Meli Haina Mlango wa Uani

Mama yangu hakuwa mtu wa kuomba. Alilima kahawa, alilima mahindi na maharage kwenye ngoro, yale mashimo yetu ya mlimani ambayo wageni wakiyaona hudhani tunatafuta madini, akatusomesha mimi na mdogo wangu wa kiume baada ya baba kufariki, na katika miaka yote hiyo sikumbuki akiniambia "nataka". Ukimnunulia kitenge atakwambia cha mwaka juzi bado hakijachanika. Ukimpelekea sukari anawagawia majirani. Kitu kimoja tu aliwahi kukitamani mbele yangu, na hicho kimoja nilikuwa nacho mkononi, tena kimeshalipiwa, nikampa mtu mwingine.

Sisi ni watu wa Mapera, huku juu milimani. Alipokuwa msichana, mama na wenzake walikuwa wakishuka kwa miguu hadi ziwani, upande wa Kihagara, unga wa mahindi kichwani, wakabadilishane na usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Siku moja waliikuta meli imesimama mbali kidogo na ufuko, mitumbwi inapeleka abiria. Ubavuni ilikuwa na vidirisha vya duara vimejipanga mstari. Akamuuliza mvuvi mmoja vile vidirisha ni vya nini, akaambiwa mle ndani kuna vyumba, watu wanalala humo huku meli inakwenda. Mama hakuamini. Mpaka anazeeka alikuwa akiisimulia siku hiyo, na kila mara alimalizia kwa swali lile lile: "Sasa mtu unalalaje, na maji yanatembea chini yako?"

"Siku moja nitakulaza humo," nilimwambia. Nilikuwa ndio kwanza nimetoka chuo cha ualimu, kifua mbele. "Utaona mwenyewe wanavyolala."

Akacheka. "Haya, mwalimu. Nitasubiri uniite."

Miaka ikapita, ukaja wakati wa soko huria. Kabla ya hapo kahawa yetu ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, ushirika. Unapeleka, unapewa karatasi, unarudi nyumbani kusubiri. Ghafla barabara za Mbinga zikajaa pikapu za wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu. Wazee walisema hawa ni mvua ya Septemba, msiipandie. Lakini msimu mmoja bei ilipanda kweli, jamani, ikapanda mpaka watu wakachanganyikiwa. Nyumba zikaezekwa bati, redio zikalia kijiji kizima, mwanamume ambaye hakuwahi kuwa na baiskeli akawa na baiskeli mbili. Mimi mshahara wangu ulikuwa unachelewa kama kawaida yake. Nikimwona mkulima niliyemfundisha kusoma ananipita na redio begani, roho inaniuma. Nisijifanye malaika, iliniuma. Nikaanza kutamani kuwa wakala, yule mtu wa kijijini anayewakusanyia kahawa wenye pikapu na yeye akapata chake.

Msimu huo huo mdogo wangu, aliyekuwa akifanya kazi Kyela, akapata mchumba huko huko. Harusi ingefungwa kwao binti, na mama wa bwana harusi hakosi, lazima asindikizwe. Njia zilikuwa mbili. Ama mzunguke kwa barabara, Songea, Njombe na kuendelea, mnarushwa siku mbili kama maharage kwenye ungo, ama mshuke Mbamba Bay mpande meli. Nikasema tunapanda meli. Moyoni nikasema, hii ndiyo siku yenyewe ya mama.

Wiki mbili kabla ya safari nilishuka mwenyewe Mbamba Bay kuulizia. Karani wa tiketi, mtu mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, alinitajia bei ya vyumba vya daraja la kwanza, vile vya vitanda viwili viwili, nikataka kurudi nyumbani. Halafu akaniambia kuna punguzo la kundi. Mkija na barua moja, mkachukua vyumba vyote vitano bila kubakiza hata kitanda, bei inashuka mpaka inakaribia ya daraja la tatu.

"Kikibaki kitanda kimoja kitupu, mwalimu, hakuna punguzo," alisema. "Na majina nayataka yote, chumba kwa chumba."

Sisi tulikuwa wanane. Mimi, mama, mume wangu, baba mdogo, mashangazi wawili, mjomba, na mshenga wetu ambaye alikuwa katekista. Vitanda viwili havikuwa na watu. Mtu mwingine angetafuta ndugu wa kujazia, na ndugu walikuwepo, wangekwenda mbio. Mimi nilikwenda mjini Mbinga kwa mama mmoja mnunuzi wa kahawa kutoka Songea. Alikuwa na pikapu, saa ya dhahabu na kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara, na nilikuwa nimesikia anakwenda Kyela kuulizia biashara ya mchele, yeye na wifi yake. Nikamwambia ajiunge na kundi letu, alale daraja la kwanza kwa bei ya chini. Akafurahi sana. "Mwalimu, wewe una akili ya biashara," aliniambia. Maneno yale niliyabeba mpaka Mapera kama mtu aliyepewa jogoo.

Usiku huo nikaandika orodha. Mume wangu anasema nina ugonjwa wa ukiranja, na ni kweli, nikipewa watu wa kupanga nasahau hata kula. Chumba cha kwanza mimi na mama. Cha pili mume wangu na baba mdogo. Cha tatu mashangazi. Cha nne mjomba na mshenga, kwa sababu wote wanakoroma, wakoromeane. Cha tano yule mama wa kahawa na wifi yake. Wanaume na wanaume, wanawake na wanawake. Nikampelekea karani, akagonga muhuri, akanisifu kwa mwandiko.

Siku ya safari tuliondoka kwa lori tangu alfajiri. Mume wangu alikaa mbele kwa dereva, mama nyuma pamoja nasi, kama ilivyo desturi. Mama alivaa kitenge kipya ambacho nilikuwa nimemnunulia miaka miwili kabla na hakikuwa kimewahi kutoka sandukuni. Tulipofika ufukoni Mbamba Bay, wenzetu wote wakikimbilia kwenye gati na mizigo, nikamwona ameinama majini anaosha miguu. Anaisugua kwa mchanga, kisigino kwa kisigino.

"Mama, twende, meli itatuacha!"

"Ngoja. Nisije nikachafua kitanda cha watu."

Tukapanda. Baharia akatuonyesha njia, ngazi fupi halafu ujia mwembamba, vyumba viwili upande huu, vitatu upande ule, choo na bafu mwisho kabisa. Nikafungua mlango wetu kwa ufunguo, nikamwachia mama atangulie. Jamani, ninauona uso wake mpaka leo. Vitanda viwili vya shuka nyeupe zilizonyooshwa. Beseni dogo ukutani, na bomba lake. Bilauri imekaa ndani ya pete ya chuma isianguke meli ikiyumba. Na dirisha la duara, lile lile, sasa akiwa upande wake wa ndani. Hakukaa. Alinyoosha vidole viwili akaigusa shuka, akavirudisha haraka kana kwamba amegusa kitu cha madhabahuni. "Kumbe," alisema. "Kumbe ndivyo."

Hapo ndipo mlango wa upande wa pili ulipofunguliwa, uso kwa uso na wetu, akatoka mume wangu, taulo begani, anakwenda kuoga.

Inabidi nieleze hapa. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa kukwepana. Toka niolewe, wale wawili hawakuwahi kupeana mkono, kula meza moja, wala kulala nyumba moja. Mama akija kwangu, mume wangu anahamia kwa kaka yake. Tukienda kwa mama, mume wangu anakohoa tangu barabarani, mama anatokea mlango wa uani. Nyumba zetu zote zina mlango wa uani, na mgeni akiuliza wa nini tunamwambia ni wa kutolea majivu. Wala si kwa ubaya. Sijaona watu waliopendana kama wale. Mama alikuwa akimtunzia mkungu wa kwanza wa ndizi kila mwaka, naye mume wangu ndiye aliyemwezekea bati, kwa siku nne ambazo mama alihamia kwa jirani. Salamu zote zilipita kwangu. Na mimi, kiranja mkubwa, nilikumbuka hata wanaokoroma, nikaandika orodha nzima bila kukumbuka kwamba meli haina mlango wa uani.

Mume wangu alirudi ndani kama aliyemwagiwa maji ya moto. Mama alikuwa ameshajifunika uso kwa kitenge, amebanana na ukuta. Akachukua kifurushi chake.

"Mama, hapana, nitapanga upya. Dakika moja tu."

"Kapange, mwanangu, wala usihangaike. Mimi nitakuwa kule nyuma napunga upepo. Nitasubiri uniite."

Akaenda. Nami nikaanza kuhamisha watu. Nilitaka mume wangu na baba mdogo wabadilishane na mashangazi, chumba cha karibu na ngazi. Mashangazi walikuwa wameshatandaza kanga zao na kufungua kuku. "Wewe mtoto, sisi si mbuzi wa kufungua na kufunga," alisema shangazi mkubwa. Nikaenda kwa mjomba. Mjomba akakubali, lakini choo kilikuwa mlangoni kwetu, na mwanamume yeyote wa ujia ule angepita hapo tu, mume wangu akiwemo. Nikafikiri kumhamishia mama cha tano. Huko wifi wa yule mama wa kahawa alikuwa na mtoto mchanga, tena anayelia meli nzima imsikie. Nimepanda na kushuka ujia ule mpaka baharia akaniuliza kama nimepoteza kitu. Meli ilikuwa imeshang'oa nanga, milima ya kwetu inasogea taratibu upande wa kulia.

Mwisho mume wangu akaniita. Alikuwa amevaa koti lake zito, blanketi mkononi.

"Mimi nalala nje," alisema. "Mbele kule kwenye kamba. Mwambie mama aingie alale, mimi sitakanyaga tena humu ndani mpaka tushuke Itungi, bandari ya Kyela."

"Na baridi?"

"Baridi gani ya ziwani itamshinda mtu wa Mapera? Nenda kamwite mama."

Yamekwisha. Kama hadithi ingeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha. Kitanda kipo, njia iko wazi, kilichobaki ni hatua thelathini mpaka nyuma ya meli na maneno mawili tu, mama njoo. Niliingia chumbani kwanza nivue viatu, maana miguu ilikuwa imevimba. Nikajinyoosha kidogo. Kidogo tu, nilijiambia.

Mlango ukagongwa. Alikuwa yule mama wa kahawa, mto kwapani.

"Mwalimu, nakufa huko. Yule mtoto hanyamazi, na mimi kesho nina watu wa kuonana nao." Akakitazama kitanda cha mama, shuka haijakunjwa hata pembe. "Hiki kina mtu?"

Nikasema, "Hakina."

Sijui mdomo ulilipata wapi lile neno. Nimejiuliza sana, na kila nikijiuliza napata jibu lile lile, kwamba nilijua vizuri sana lilikotoka. Yeye akakaa, kitanda kikalia chini yake, akavua saa yake akaiweka kando ya bilauri. Akaanza kuongea biashara. Kwamba anatafuta mtu wa kuaminika Mapera na vijiji vya jirani, mtu anayejua kuandika, watu wanamheshimu. Kwamba mizani ataleta, magunia ataleta. "Mtu kama wewe hivi," alisema. Moyo wangu ulikuwa unadunda kama wa msichana anayeposwa. Kuhusu mama nilijiambia atakuwa anafurahia upepo, nitamwita baadaye, nitamhamishia hiki changu, nitafanya nitakavyofanya. Tamaa mbele, mauti nyuma, nimewafundisha watoto wa watu methali hiyo ubaoni miaka mingapi!

Jua lilikuwa linazama upande wa Malawi, dirisha limejaa mwanga wake, mlango ulipofunguka taratibu. Alikuwa mama. Bila shaka shangazi alikuwa amemwambia mkwe ameshatoka. Alisimama kizingitini na kifurushi chake kifuani. Akaniona mimi nimelala. Akamwona yule mama kwenye kitanda cha pili, shuka nyeupe imemfika kiunoni. Macho yake yakanirudia, yakakaa kwangu kidogo. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa ya kusema.

"Samahani, mama," alimwambia yule mama wa kahawa, kwa sauti ya adabu, sauti ya mtu wa kuja. "Nimekosea mlango."

"Usijali, mama yangu, milango ya humu inafanana yote."

Akaufunga pole pole, usipige kelele.

"Mnafahamiana?" yule mama akaniuliza.

"Ni mmoja wa wazee wa msafara," nikasema.

Mungu anisamehe. Nimekwenda kuungama dhambi nyingi katika maisha yangu, na hiyo nayo niliipeleka, padre akanipa rozari moja. Moja! Nilitoka kanisani nimekasirika kama mtu aliyepunjwa. Na mniulize basi kwa nini sikuinuka, maana hata mimi najiuliza. Nilikuwa na kitanda changu mwenyewe. Kama ni aibu ya kumwondoa mgeni, ningeondoka mimi, nimwachie mama changu, nikalale juu ya magunia. Jibu ni kwamba maongezi yalikuwa bado hayajaisha. Halafu yalipoisha nilikuwa nimelala.

Asubuhi nilimkuta mume wangu kwenye ngazi, macho mekundu. Hakunisalimu.

"Mama yako amelala nje," alisema. "Kule nyuma, kwenye magunia ya usipa, na wale akina mama wa Liuli wanaopeleka dagaa."

"Ulimwona?"

"Nilikwenda kutafuta maji, nikamwona amejikunyata, kitenge kimoja. Sasa mimi nifanye nini? Siwezi kumsogelea, siwezi kumsemesha. Nikavua koti, nikaliweka juu ya gunia mahali atakapoliona, nikaondoka. Nikarudi baadaye, liko pale pale. Mama mkwe atavaaje koti la mkwe wake? Nilijua, lakini ningefanya nini? Likakaa pale mpaka kumekucha, hakulivaa yeye, sikulivaa mimi."

"Si ungenigongea!"

"Nilifika mlangoni. Nikasikia sauti ya mke wa watu humo ndani. Ningegonga nimwambie nani?" Akanitazama vile ambavyo hajawahi kunitazama kabla wala baada. "Nilitoka ili mama alale. Wewe ukamlaza nani?"

Nikaenda nyuma. Mama alikuwa amekaa katikati ya wanawake wa Liuli, anakula usipa wa kukaanga kwenye jani, anacheka. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelala salama?"

"Mama, jana..."

"Huku kuna upepo mzuri," alisema. "Na hawa wenzangu wana hadithi, weweee! Nimecheka mpaka mbavu. Chukua usipa."

Nikachukua usipa. Nilimwambia tutakaporudi chumba ni chake, kitanda ni chake, hata kama itabidi nimfunge mtu kamba. Akasema haya. Kule Kyela alicheza ngoma ya harusi kuliko wasichana. Lakini siku ya kurudi tukaambiwa meli ina hitilafu, imepandishwa kutengenezwa, haijulikani lini. Tukarudi kwa barabara, siku mbili za kurushwa kwenye ungo, mama amelala begani kwangu.

Uwakala niliupata. Nilikuwa wakala msimu mmoja. Uliofuata bei ikaanguka, pikapu zikapungua Mbinga, na yule mama na kicheko chake hakurudi tena. Mizani yake iko kwangu mpaka leo, kuku wanatagia juu yake. Mvua ya Septemba, wazee walisema.

Kila mwaka nilimwambia mama, mwakani tunapanda meli, mimi na wewe peke yetu. Mwaka huu watoto wa shule, mwaka huu msiba, mwaka huu meli mbovu. Halafu magoti yake yakaanza. Mara ya mwisho nilipomtajia alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata kichwa. "Nimeshapanda meli, mwanangu. Inatosha." Nilimtazama nione kama kuna uchungu katika maneno yale. Sikuuona, na hilo lilinitesa kuliko angenitukana. Majuto ni mjukuu, lakini wangu hata hakukua aondoke, amekaa nami nyumbani siku zote.

Alifariki msimu wa kuchuma kahawa, kwa utulivu, kama alivyoishi. Tulipomaliza maziko, wanawake wa jumuiya walikaa nami ndani, kwenye mikeka, nyumbani kwake. Mume wangu alikuwa nje motoni na wanaume. Baada ya rozari ya kwanza, bibi mmoja jirani, rafiki wa mama toka usichana wao, aliyeshuka naye ziwani na unga kichwani, akaanza kumsimulia marehemu. Wenzake wakaitikia, wanatabasamu, walikuwa wanaijua hadithi.

"Sisi wote hapa hatujapanda meli," alisema. "Lakini tunaijua kwa ajili ya mama yako. Kila tukikaa kuchambua maharage, tunamwambia, hebu tusimulie ulivyolala melini. Mwanangu mwalimu amenilaza kwenye chumba chenye ufunguo, anasema. Shuka nyeupe kama ya altare. Maji yanatoka ukutani. Bilauri imevishwa pete ili isianguke. Ni kweli, mwalimu? Bilauri ina pete?"

"Ni kweli," nikasema.

"Ilikuwa na pete, mnaona!" Akawageukia wenzake. "Nikamuuliza, sasa unalalaje na maji yanatembea chini yako? Akasema, unalala kama mtoto mgongoni. Yalikuwa maringo yake hayo. Mtu akimsema mwanawe hajamnunulia hiki wala kile, mama yako anamjibu, wangu alinilaza melini."

Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Walidhani ni huzuni ya msiba.

"Lakini lile alilolipenda zaidi," bibi akaendelea, "ni kwamba hamkulala. Alisema wewe kitanda chako, yeye chake, mlizungumza mpaka kukapambazuka. Mlikuwa mnazungumza nini usiku kucha, mwanangu?"

Wote wakanitazama, wakingoja. Nikasema, "Alikuwa ananisimulia mlivyokuwa mkishuka ziwani na unga."

Bibi akapiga makofi, machozi yanamtoka. "Ndivyo! Ndivyo hivyo hivyo alivyotuambia!"

Nikainuka. Sikuweza kupita mbele kwenye watu. Nikatoka kwa mlango wa uani, ule aliokuwa akipita yeye mume wangu akikohoa barabarani, nikasimama kwenye migomba nikamwita. Mama njoo, nilisema, mama njoo, kitanda kipo.